Kusoma prufu za mwenendo wa mahakama ukiwa nyumbani

Swali: "Naishi Dallas, Texas, na nina kadi ya kijani. Nyumbani Morogoro nilifundisha Kiingereza sekondari miaka tisa. Sasa nalea watoto wawili, mdogo hajaanza shule, kwa hiyo natafuta kazi ya kufanyia nyumbani. Nimeona tangazo la kozi ya kusahihisha nyaraka za mahakama, ada karibu dola elfu moja. Kiingereza si lugha yangu ya kuzaliwa. Je, kazi hii ipo kweli? Naanzia wapi, na inalipa kiasi gani? Mdogo wangu aliyeko Morogoro anaweza kuifanya pia?"

Dada, kazi ipo, na mwalimu wa lugha anaiweza. Ila hiyo ada usiilipe kwanza. Kuna zoezi la wiki tatu au nne unaloweza kulifanya bila kutoa hata senti, nalo litakuonyesha kama kazi inakufaa kabla hujampa mtu fedha zako. Nitalifikia.

Kwanza ujue karatasi yenyewe inazaliwaje, kwa sababu Tanzania hukuwahi kuiona ikitengenezwa hivi. Kwetu, kwa miaka mingi hakimu mwenyewe ndiye aliyeandika ushahidi kwa mkono, shahidi akisubiri kalamu imfikie. Marekani yupo mtu wa kazi hiyo peke yake, mwandishi wa mahakama. Mashine yake ina vitufe 22 tu. Anabonyeza vitufe kadhaa kwa mpigo mmoja, na kila mpigo ni silabi, neno, au hata fungu zima la maneno. Ili apate cheti cha NCRA, chama chao cha kitaifa, lazima afikie maneno 225 kwa dakika katika maswali na majibu ya shahidi, kwa usahihi wa asilimia 95. Programu ya kompyuta hulinganisha mipigo hiyo na kamusi aliyoijenga mwandishi mwenyewe, kisha hutoa Kiingereza. Kinachotoka ni rasimu yenye vumbi. Skopisti huifungua rasimu hiyo katika programu ya aina ileile na kuisafisha huku akisikiliza sauti. Baada ya skopisti ndipo anakuja msomaji prufu, jicho la mwisho linalosaka makosa yaliyobaki. Huyo ndiye wewe. Kisha mwandishi anasaini kuthibitisha kwamba mwenendo huo, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa, ni kamili na wa kweli.

Ishike hiyo saini, maana mambo mengi yanatoka hapo. Anayekulipa si mahakama wala wakili, ni mwandishi. Leseni iliyo hatarini ni yake; wewe huhitaji leseni ya serikali wala cheti chochote kusoma prufu. Na kwa kuwa jina linalosainiwa ni lake, huna ruhusa ya kubadilisha kitu kimyakimya. Unaweka alama, yeye anaamua.

Sehemu kubwa ya kazi hii haitoki hata kwenye chumba cha mahakama. Kabla kesi ya madai haijasikilizwa, mawakili humhoji shahidi chini ya kiapo ofisini kwao au kwa video, bila jaji kuwepo. Wanaiita diposisheni. Kwa kanuni za mahakama za shirikisho, mahojiano ya shahidi mmoja huishia siku moja ya saa 7, isipokuwa pande zikubaliane au jaji aamuru vingine. Siku nzima ya namna hiyo huweza kuzaa kurasa 200 hadi 300, kila ukurasa una mistari 25 yenye namba pembeni. Waandishi wa diposisheni, hasa wanaojitegemea, ndio watakaokuwa wateja wako.

Sasa tuuangalie ukurasa kwa karibu. Tuseme umekutana na haya (Q ni swali la wakili, A ni jibu la shahidi):

Q. Did you know Mr. Hill before the accident?
A. I did know him.
Q. So that was the first time you two met?
A. Yes.

Mwalimu wa sarufi atapita hapa bila kusimama, maana kila sentensi imenyooka. Msomaji prufu anasimama. Shahidi amesema alimfahamu yule bwana kabla ya ajali, kisha amekubali kwamba siku ile ndiyo mara ya kwanza kukutana naye. Inawezekana kabisa shahidi amejikanganya. Inawezekana pia alisema "did not know" na mpigo mmoja ukapotea njiani. Wewe huna sauti, una PDF tu. Kwa hiyo unaandika pembeni: ukurasa 41, mstari 12, "did know" au "did not know"? Sikiliza sauti. Basi. Kama shahidi alisema hivyo kweli, yatabaki hivyohivyo, na mawakili watajua la kufanya nayo. "Not" iliyodondoka ndiyo kosa baya kuliko yote katika kazi hii, na hakuna programu ya kukagua tahajia itakayoiona.

Kinyume chake, shahidi akisema "me and him was driving", hapo huna kazi. Mkono utakuwasha, dada, miaka tisa ya kalamu nyekundu si kitu kidogo. Uache. Maneno ya shahidi ni yake, na sarufi yake mbovu ni sehemu ya ushahidi. Hata "uh-huh" na "uh-uh" lazima zibaki kama zilivyosemwa, lakini uziangalie kwa makini, maana ya kwanza ni ndiyo na ya pili ni hapana, na tofauti yake ni herufi moja. Ukiona wakili ameuliza "So you saw the light was red?", jibu likawa "uh-uh", na swali linalofuata likaendelea kana kwamba shahidi amekubali, weka alama.

Vituo ndivyo vinavyobaki mikononi mwa wanaoandika, kwa sababu hakuna shahidi anayetamka mkato wala nukta. Na vituo vina uzito. Chukua maneno haya: "I saw him leave in the morning he called me." Nukta ikikaa baada ya "leave", basi simu ndiyo iliyopigwa asubuhi. Ikikaa baada ya "morning", kuondoka ndiko kulikokuwa asubuhi. Katika kesi ya mirathi au ya ajali, hiyo nukta inaweza kugombaniwa. Waandishi wengi hufuata kitabu cha vituo cha Lillian Morson kilichoandikwa kwa ajili ya waandishi wa mahakama. Ukinunua kitabu kimoja tu, nunua hicho, nakala iliyokwishatumika inatosha.

Makosa mengine utayazoea haraka. Kuna maneno yanayosikika sawa au karibu sawa: "statue of limitations" badala ya "statute", "council" badala ya "counsel", "wave" badala ya "waive", "breaks" za gari badala ya "brakes". Kuna 15 na 50, ambazo sikio huzichanganya kila siku. Kuna jina linaloitwa Catherine ukurasa wa 6 na Katherine ukurasa wa 88. Kielelezo namba 7 kinatambulishwa mara mbili, au kipo ndani lakini hakipo kwenye faharasa ya vielelezo mwanzoni. Kuna herufi zilizobaki ghafi kutoka kwenye mashine, lundo la konsonanti lisilotamkika. Na kuna maneno ya wakili yaliyowekwa kinywani mwa shahidi, hasa baada ya pingamizi, watu watatu wanaposema kwa pamoja. Sehemu hizo za vurugu uzisome polepole kuliko zote.

Sasa hofu yako ya lugha. Nitakwambia wazi: si kila mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili ataiweza kazi hii. Anayekwama hakwamishwi na sarufi, anakwamishwa na misemo. Fundi bomba wa Texas akihojiwa kuhusu paa lililovuja hasemi Kiingereza cha darasani. Ukikutana na msemo usioujua, kuna hatari ya kuuona kosa na kumsumbua mwandishi, au kuliona kosa halisi ukadhani ni msemo. Dawa yake ni kutafuta kila usichokijua, kila mara, kwenye kamusi ya Merriam-Webster, bila kukisia. Kwa upande mwingine unayo faida. Anayesoma lugha aliyozaliwa nayo hujaziwa na ubongo maneno yaliyokosekana. Wewe umezoea kulitazama kila neno.

Zoezi nililokuahidi ni hili. Mahakama ya Juu ya Marekani (Supreme Court) huweka kwenye tovuti yake mwenendo wa kila shauri linalojadiliwa mbele yake, bure, pamoja na sauti. Kurasa zake zina mistari 25, kama utakazozisoma kazini. Chukua mmoja. Siku ya kwanza soma huku ukisikiliza, ujifunze umbo: nani anaitwaje, kistari kirefu kinawekwa wapi mtu anapokatizwa, nukta inakaa wapi mzungumzaji akiacha sentensi na kuanza nyingine. Siku zinazofuata, nakili kurasa tano kwenye faili la maandishi, ufute vituo vyote na herufi kubwa zote, kisha uvirudishe mwenyewe bila sauti. Linganisha na asili. Pale mlipotofautiana, jiulize kama maana imebadilika au ni ladha tu. Kutenganisha hayo mawili ni nusu ya ufundi wote. Baada ya hapo mpe mtu akupandie makosa 20 katika kurasa 25, pamoja na "not" mbili zilizofutwa, nawe uyasake huku saa ikihesabu. Ukikamata 18 au zaidi kwa saa moja, mara tatu mfululizo, endelea. Ukibaki kwenye 12 baada ya wiki nne, kozi ya dola elfu moja haitakuokoa. Nami ningekushauri utazame kazi nyingine ya lugha, ukalimani kwa mfano, ambako Kiswahili chako kina soko.

Vifaa si vingi. Kompyuta ya kawaida, au kishikwambi chenye kalamu, na programu ya kuweka alama kwenye PDF. Wengi hutumia iPad na iAnnotate, lakini hata programu ya bure inatosha kuanzia, mradi iweze kukusanya alama zako zote katika orodha moja. Mwandishi hataki kupekua kurasa 240 akitafuta alama zako. Anataka kurasa zenye alama peke yake, au orodha ya ukurasa na mstari.

Kabla ya kugusa faili la kwanza la mteja, omba orodha ya mapendeleo yake. Anaandika "okay" au "OK"? Namba ndogo kwa maneno au kwa tarakimu? Mkato kabla ya "and" ya mwisho? "Mm-hmm" anaiandikaje? Ana kurasa zozote hataki ziguswe? Kwa kuwa uko Texas, jua kwamba mwenendo wa mahakama za jimbo una mwongozo wake rasmi wa umbo, na mwandishi wako anaweza kuufuata hata pale ambapo wewe ungependelea vingine. Wapya wengi hupotezea wateja hapa. Wanarudisha kurasa 100 zenye alama 140, na 120 kati yake ni mikato ya kubishania. Mwandishi anaanza kuzipita haraka haraka, anaikosa ile "not" iliyozikwa katikati, na mara ya pili hakutafuti.

Jinsi ya kusoma nayo ina mitego yake. Ushahidi ni hadithi, na ukishanaswa na hadithi unaacha kuona maneno. Soma mafungu ya kurasa 25, simama, nyoosha mgongo, rudi. Fanya mpito wa pili wa majina, tarehe na namba peke yake kwa kutumia kitafutio cha PDF. Na usiahidi kazi ya usiku wa manane baada ya watoto kulala mpaka umejipima: soma kurasa 25 saa nne asubuhi na 25 saa sita usiku, ulinganishe. Tofauti huwashangaza watu.

Malipo yanahesabiwa kwa ukurasa. Wapya wengi huanzia senti 35 hadi 50 kwa kazi isiyo na haraka, na kazi ya kurudisha siku ileile au kesho yake hupanda juu ya hapo. Mwanzoni utasoma kurasa 25 au 30 kwa saa. Kwa senti 40 hiyo ni dola 10 hadi 12. Ukifika kurasa 50 kwa saa bila kupoteza usahihi, ni dola 20. Wateja wawili wanaokupa kurasa 500 kila mmoja kwa mwezi ni dola 400. Tangazo lolote linalokuahidi mshahara kamili ndani ya wiki chache linakudanganya. Kazi hii pia huja kwa mafuriko na ukame: wiki moja mafaili manne, wiki mbili kimya.

Kumbuka kodi. Hakuna atakayekukata, kwa hiyo unajikata mwenyewe. Mapato halisi ya kujiajiri yakifika dola 400 kwa mwaka lazima uyatangaze, na juu ya kodi ya mapato ya kawaida ipo ya kujiajiri, asilimia 15.3. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Weka kando robo ya kila malipo kwenye akaunti nyingine. Mteja atakuomba fomu W-9, ya kumpa jina na namba yako ya kodi. Kadi ya kijani inakuruhusu kufanya haya yote, lakini rafiki yako mwenye viza ya mwanafunzi asikuige, maana kujiajiri bila kibali kunaweza kumharibia hadhi yake nchini.

Usiri haujadiliwi. Utasoma magonjwa ya watu, mishahara yao, ugomvi wao wa ndoa. Usisome kwenye intaneti ya wazi ya maktaba. Usibandike hata sentensi moja kwenye kikagua sarufi cha mtandaoni wala kwenye akili mnemba, kwa sababu maandishi hayo yanatoka mikononi mwako na huwezi kuyarudisha. Kubalianeni faili litafutwa lini. Kanuni za shirikisho hutaka nyaraka zinazowasilishwa mahakamani zionyeshe tarakimu nne tu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na watoto watajwe kwa herufi za mwanzo za majina yao, lakini si wewe wa kuyaficha. Ukiona namba nzima, weka alama tu.

Na kwetu sisi kuna jambo la ziada. Jumuiya ya Waswahili katika miji ya huku ni ndogo. Iko siku utafungua faili ukutane na jina la mtu mliyekutana naye msibani au harusini. Lirudishe faili palepale, bila kuendelea kusoma na bila kumweleza mtu sababu zaidi ya kusema kwamba unamfahamu mhusika. Kuna pia diposisheni zinazopitia kwa mkalimani wa Kiswahili. Humo maandishi yatakuwa Kiingereza cha mkalimani peke yake, na hata kama unahisi neno la asili lilikuwa jingine, huna haki ya kulitafsiri upya. Unachoweza kusaidia ni majina. Bukavu, Uvira na Kigoma huandikwa ovyo mno katika rasimu, na mwandishi atakushukuru kwa tahajia sahihi, maadamu umeileta kama swali.

Wateja huwapati kwa kusubiri. Waandishi wana vyama vyao vya majimbo na vikundi vya Facebook ambako husaka wasomaji prufu na maskopisti. Watumie barua pepe wachache kwa wiki, mistari sita: wewe ni nani, unasoma kurasa ngapi kwa siku, bei, muda wa kurudisha, na kwamba uko tayari kusoma kurasa 20 za kwanza bure. Zisizidi hizo 20. Barua yenyewe isiwe na kosa hata moja. Wataisoma kama prufu.

Uskopisti hulipa zaidi, mara nyingi dola moja na zaidi kwa ukurasa, lakini unadai programu ghali kama Case CATalyst au Eclipse, na lazima iwe ileile anayotumia mwandishi wako. Saa moja ya sauti inaweza kukula saa mbili hadi tatu. Usiifikirie kabla ya miezi sita ya kusoma prufu na wateja wa kudumu angalau wawili, ambao watakwambia wenyewe wanatumia programu ipi. Hapo pia ndipo kozi ya kulipia inaweza kuwa na maana, ikiwa ina kurasa nyingi za mazoezi na mtu anayezisahihisha. Yenye video tu, iache. Baadhi ya diposisheni siku hizi hurekodiwa kwa sauti bila mashine ya vitufe, na maandishi hutengenezwa baadaye na watu au na programu za kutambua sauti. Yanayotoka kwenye programu yana makosa ya aina ileile uliyoyaona juu, "not" iliyodondoka ikiwemo, kwa hiyo mazoezi yako hayapotei.

Kuhusu mdogo wako: anaweza kufanya zoezi lilelile, na akipata mteja wake atajaza fomu W-8BEN, ya mgeni anayeishi nje ya Marekani, badala ya W-9. Ila waandishi wengine, na kampuni zinazowapa kazi, hawaruhusu mafaili kutoka nje ya Marekani, kwa hiyo ataje alipo katika barua yake ya kwanza kabisa. Na hata siku ukizidiwa na mafaili matatu kwa pamoja, usimgawie hata kurasa kumi za mteja wako. Mpigie mwandishi, mwambie utachelewa au hutaweza.